Mk5 inayopandisha presha baada ya kusafishwa

Umeuliza kuhusu Mk5, kifaa cha Scubapro cha kupumulia hewa ya mtungi chini ya maji. Umesema geji husimama bar 9, kisha hupanda taratibu hadi 11 na mdomoni hewa inavuja. Usiguse hatua ya pili, yaani sehemu ya mdomoni. Hiyo inavuja kwa kusukumwa na presha iliyozidi tu. Kosa liko hatua ya kwanza, inayofungwa kwenye mtungi: kiti cha plastiki, ambacho pistoni hukikandamiza kufunga hewa, kimechoka, au ukingo wa pistoni umepata kovu. Badilisha kiti kwanza, ni rahisi. Ukingo ukague kwa lenzi. Ukiwa na pengo, tafuta pistoni nyingine, usiupige msasa.

Oringi (pete za mpira za kuzuia uvujaji) zing'olewe kwa kijiti cha plastiki, chuma hukwaruza. Kusafisha vyuma, viloweke: siki nusu, maji ya uvuguvugu nusu, dakika 10 zatosha. Ukizidisha, kromu huliwa. Oringi zipake grisi ya silikoni kiasi cha kung'arisha tu. Vaselini, hapana kabisa.