Maswali ya Wasomaji: Kuvua Ukingoni au Mtumbwini Maji Yanapoanza Kupata Joto

Tangu baridi ya Juni na Julai ilipotuacha hapa Lubumbashi, barua nyingi zinazofika mezani petu zinahusu uvuvi wa ndoano katika maziwa ya mabwawa, hasa Tshangalele na Nzilo, na moja imetoka mbali kabisa, Kanada. Tumechagua nne, tukazifupisha pale salamu zilipokuwa ndefu kuliko swali.

Swali. Mheshimiwa Mhariri, mimi ni baba wa familia, ninakaa Katuba. Mwishoni mwa juma, ninapopata nafasi, ninakwenda Tshangalele na wanangu wawili, na tunavua ukingoni kwa mianzi kwa sababu hatuna mtumbwi wala pesa ya kuukodi. Tunawaona wenzetu wakipiga kasia kwenda katikati ya ziwa, na wanangu wananiuliza kama samaki wote hawako huko. Je, inafaa kuendelea kukaa ukingoni mwezi wa tisa na wa kumi, au tuweke akiba ya mtumbwi kwanza?

Jibu. Papa, kwa miezi hiyo miwili uliyoitaja, usijisumbue na akiba ya mtumbwi. Ukingo ndio mahali penyewe, na sababu yake iko katika umbo la ziwa lenyewe. Tshangalele halikuwapo kabla bwawa la Mwadingusha, lililoanza kutoa umeme mwaka 1930, halijauzuia mto Lufira. Maji yalipanda yakatandaa juu ya uwanda tambarare, na ndiyo maana ziwa ni pana sana lakini kina chake sehemu nyingi ni cha mita chache tu. Wakati wa baridi maji ya kina kifupi hupoa sana usiku, na tilapia, ambaye karibu huacha kula halijoto ya maji ikishuka chini ya digrii 17, hujiondokea kwenda kwenye mkondo wa zamani wa mto na mashimo yenye kina, ambako mchana na usiku havitofautiani sana. Kuanzia Agosti jua linapopata nguvu, maji ya kwanza kupata joto ni yale yanayofika magotini, na samaki huyafuata kama sisi tunavyoufuata ukuta wenye jua asubuhi za Juni. Halijoto inapovuka digrii 20 huongezeka sababu ya pili, nayo ni kuzaa, kwa maana dume la tilapia huchimba kiota chake kwenye mchanga au tope la kina kifupi. Kwa hiyo mtumbwi unaokwenda katikati mwezi wa tisa mara nyingi hupita juu ya samaki wale wale unaowatafuta, na kuwatimua.

Lakini si kila ukingo ni ukingo. Katika majira haya upepo wetu hutoka mashariki na kusini-mashariki, na huyasukuma maji ya juu, yaliyopata joto, kuelekea upande wa magharibi na kaskazini-magharibi wa ziwa, pamoja na mwani na vijidudu ambavyo samaki wadogo hula. Wavuvi wengi hupenda kukaa mahali palipokingwa na upepo kwa sababu chelezo hutulia na moto wa chai hauzimiki. Mimi ningefanya kinyume: kaa pale upepo unapokupiga usoni, ambapo mawimbi madogo yameyachafua maji kidogo na samaki hakuoni vizuri. Mwishoni mwa kiangazi utakuta pia kwamba maji yamerudi nyuma, kwa maana mitambo ya umeme inaendelea kuyatumia wakati mito haileti mengi, na ukingo umegeuka kuwa tope. Tafuta ulimi wa ardhi ngumu unaoingia ziwani, au mahali ambapo matete hukutana na maji wazi.

Saa nazo hubadilika, na hapa ndipo wengi hupoteza siku. Mwezi wa nane na mwanzoni mwa wa tisa hakuna haja ya kuamka na jogoo, kwani maji ya ukingoni bado yana baridi ya usiku. Saa nzuri ni kuanzia saa saba mchana hadi jua linapoanza kuzama. Mwezi wa kumi mambo hugeuka. Jua la mchana huyachemsha maji ya kina kifupi kupita kiasi, samaki hurudi nyuma kidogo, na saa za kuvua huwa alfajiri na jioni.

Kuhusu vifaa, mwanzi wa mita nne au tano unatosha, ukiwa na mshipi mwembamba, chelezo kidogo na chubwi ndogo kabisa, inayotosha tu kukishusha chambo taratibu. Kosa ninaloliona kila mara ni ndoano kubwa: mdomo wa tilapia ni mdogo, na ndoano inayomfaa kambale humfanya tilapia ale bukari (ugali) yako yote bila kunaswa. Kwa tilapia wa kawaida wa Lufira tumia mnyoo au kidonge cha bukari kilichokandwa kikashikamana. Yule mwenye kifua chekundu, ambaye hula majani, hupatikana zaidi kando ya nyasi za majini. Makobo, samaki mwingine wa maziwa yetu, ni mwindaji, hafuati bukari. Yeye humvizia samaki mdogo pembeni mwa magugu, basi mpe kisamaki kizima au kipande cha bati kinachong'aa kikivutwa polepole. Mvua za kwanza zikishusha inswa (kumbikumbi), usitafute chambo kingine: mtupe inswa mmoja juu ya maji bila chubwi.

Jambo moja ninalikazia. Mkiona kwenye maji maangavu sahani zilizochimbwa chini na samaki mmoja akizunguka juu ya kila moja, mnaweza kumnasa kwa urahisi, kwa sababu dume hung'ata chochote kinachoingia kiotani. Muacheni. Jike ndilo linalobeba mayai na vifaranga mdomoni kwa yule tilapia wa kawaida wa Lufira, na jike lenye mdomo uliovimba likinaswa kwa bahati mbaya lirudishwe mara moja kabla halijatema. Wale wanaokokota vyandarua vya mbu kwenye viota wanavua samaki wa mwaka ujao na wa mwaka utakaofuata, na sioni haja ya kutafuta neno la upole kwa tendo hilo.

Na mwingiapo majini, muingie na viatu virefu vya mpira ikiwa vinapatikana. Maji yaliyotulia yenye konokono ndiyo makao ya kichocho, nacho huingia kwa ngozi tu, bila kidonda. Mlangoni mwa maji ya mitambo na chini ya ukuta msisogee kabisa.

Swali. Mimi ni kijana wa Likasi. Tumechanga watu watatu tukanunua mtumbwi wa mbao, hauna mota. Wenzangu wanataka tuupeleke Nzilo kwa sababu wamesikia samaki wa huko ni wakubwa. Mtumbwi unasaidia lini hasa, na tuanzie wapi?

Jibu. Mdogo wangu, mtumbwi unawasaidia katika nyakati mbili: kabla samaki hawajaja ukingoni, na baada ya kuondoka. Nzilo ni tofauti na Tshangalele. Bwawa lake, lililokamilika mwaka 1952 kwenye Lualaba karibu na Kolwezi, lilijengwa pale mto unapoingia kwenye magenge, na kwa hiyo kina karibu na ukuta ni kikubwa, na maji mengi namna hiyo huchelewa kupata joto. Huko mwezi wa nane bado kuna kazi ya kufanya mbali na ukingo, juu ya mkondo wa zamani, kwa mshipi mrefu wenye chubwi nzito kidogo. Mwezi wa tisa na wa kumi utumieni mtumbwi kwa njia nyingine: si kwa kwenda katikati, bali kwa kufika kwenye ghuba ambazo mtu wa miguu hawezi kuzifikia kwa sababu ya matete, kisha muufunge, mkae kimya, na mtupe ndoano kuelekea nchi kavu. Anayetupa kutoka mtumbwini kwenda ukingoni na anayetupa kutoka ukingoni kwenda nje wanalenga maji yale yale.

Msigonge kasia kwenye ubao. Sauti hiyo husafiri majini kuliko mazungumzo yenu, na katika maji ya mita moja huweza kuondoa samaki wote wa ghuba nzima. Mnapoingia sehemu ambazo zamani zilikuwa pori, mmoja akae mbele akiangalia visiki, hasa mwishoni mwa kiangazi maji yanapopungua na kisiki kilichokuwa chini sana kikabaki kiganja kimoja tu chini ya uso wa maji. Upepo wa mchana huinuka ghafla katika ziwa pana, na mtumbwi mwembamba wenye watu watatu na mzigo haupendi wimbi la ubavuni. Tembeeni kando kando, na kila mtu awe na kitu cha kuelea, hata dumu la lita 20 lililofungwa vizuri. Msivuke kwenda ng'ambo baada ya adhuhuri.

Mito ikianza kushuka na maji mekundu, mwezi wa kumi na moja, hamieni midomo ya vijito. Kambale huacha ziwa usiku na kupanda kwenye nyasi zilizofunikwa na maji mapya ili kutaga, na utumbo wa kuku humvuta kuliko mnyoo. Kabla ya kwenda, ulizeni ofisi ya mazingira ya eneo kama uvuvi umefungwa, kwa maana upande wa Zambia, katika mto Luapula na ziwa Mweru, hufungwa kila mwaka kuanzia Desemba mosi hadi mwisho wa Februari, na wakuu wa mkoa wetu nao hutangaza tarehe zao.

Swali. Mume wangu ananiletea samaki wa Lufira, na jirani ananitisha kwamba wana sumu ya migodi. Niendelee kupika au nirudi kwa Thomson wa friza, yule samaki wa baharini aliyegandishwa? Mama wa mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi.

Jibu. Mama, jirani hakusema jambo la bure: mito inayotoka upande wa viwanda vya Likasi huishia Tshangalele, na shaba na kobalti hufuata maji na tope. Madini hayo hukusanyika zaidi kwenye ini, figo, matamvua na matumbo kuliko kwenye nyama. Toa vyote hivyo, usivitie kwenye mchuzi hata kama ini la samaki mkubwa linavutia, usiwape watoto wadogo samaki hao kila siku, na mwambie mume asivue karibu na midomo ya mito hiyo, bali upande wa mbali wa ziwa.

Swali. Nilizaliwa Kamalondo, Lubumbashi, sasa ninaishi Saskatoon, Kanada, na mke na watoto. Barafu ikiondoka, watu wa hapa hukimbilia Ziwa Diefenbaker, wengine na boti, wengine ukingoni. Ninajua kuvua tilapia tu. Nianzie wapi?

Jibu. Ndugu yetu, unajua zaidi ya unavyodhani. Diefenbaker nalo ni ziwa la bwawa lililoko katika nyika isiyo na miti mingi: ukuta wa Gardiner kwenye mto Saskatchewan Kusini ulikamilika mwaka 1967, na nyuma yake maji yamejaza bonde kwa urefu wa kilomita 225 hivi. Kinachobadilika ni vipimo. Huku tunangoja digrii 20. Huko samaki wa kwanza huanza kusogea barafu inapoyeyuka tu. Broshe, yule mrefu mwenye meno mengi, hutaga kwenye nyasi zilizofunikwa na maji ya theluji wakati maji yako kati ya digrii 4 na 9 hivi. Dore, mwenye macho yanayong'aa gizani, hufuata nyuma yake kidogo, na hutaga usiku kwenye mawe na changarawe za kina kifupi.

Kwa hiyo kanuni ya ukingo inasimama. Tafuta ghuba zisizo na kina ambazo jua huzipiga mchana kutwa, kwa sababu hizo huwa na maji yenye joto zaidi ya ziwa kubwa. Macho ya dore hayapendi mwanga mkali, basi mvue jioni, au mchana wenye upepo, kwenye ukingo ambao mawimbi yameugeuza rangi. Chambo chake ni kichwa kidogo cha madini ya risasi chenye ndoano, kikirushwa na kurudishwa polepole sana karibu na chini, kwa kuwa samaki wa maji baridi hakimbizi chakula. Wenye boti hawakutangulii sana wakati huo. Ziwa huwa limeshuka mwanzoni mwa majira ya kuchipua, hujaa tena theluji ya milima ya magharibi inapoyeyuka, na hapo katikati mahali pa kushushia boti huwa na tope jingi.

Mambo mawili usiyachukulie kama ya nyumbani. La kwanza ni sheria: nunua kibali, usome mwongozo wa mwaka husika, kwa kuwa uvuvi wa mkoa huo hufungwa samaki wanapotaga na kufunguliwa kwa kanda, ukanda wa kusini kwa kawaida Mei 5. Kuwa na jirani mwenye kibali hakukufuniki wewe. La pili ni baridi ya maji. Mtu akianguka kwenye maji ya digrii 5, pumzi humkatika ghafla na mikono hukataa kushika kitu baada ya dakika chache, hata kama ni hodari wa kuogelea kama watoto wa Luapula. Basi jaketi la kuokoa maisha livaliwe, lisikaliwe, nao watoto walivae hata wakiwa wamesimama juu ya mawe ya ukingoni.

Watakusimulia pia habari za truti wa kilo karibu 22 aliyevuliwa humo mwaka 2009, naye ni wa kweli, ameandikwa kama rekodi ya dunia ya aina yake. Ila alinaswa Septemba, basi mwezi wa tano endelea na dore.