Uchorongaji au uzalishaji? Kabla hujachagua, tazama visima viko hatua gani

Wadogo zangu mnaomaliza uhandisi wa mafuta na gesi, na nyinyi mafundi mnaotoka vyuo vya ufundi, swali mnaloniuliza huwa ni lilelile: niingie kwenye uchorongaji, yaani kutoboa visima, au uzalishaji, yaani kuendesha visima vinavyotoa gesi au mafuta? Wengi huwa mmeshachagua moyoni kwa sababu ya mshahara. Mmesikia rigi, yaani mtambo wa kuchorongea visima, inalipa, na kweli inalipa. Ila kabla ya mshahara, uliza jambo moja: eneo unalotaka kufanyia kazi lina visima vinavyochorongwa, au lina visima ambavyo tayari vinatoa gesi au mafuta?

Tazameni Mtwara. Kati ya 2010 na 2015, meli za kuchoronga zilifanya kazi katika kina kirefu cha bahari kusini mwa Tanzania, na bandari ya Mtwara ikawa kituo cha kuzihudumia. Watu wakapata kazi, wenye nyumba wakapata wapangaji. Kisha bei ya mafuta duniani, iliyokuwa juu ya dola 100 kwa pipa katikati ya 2014, ikashuka chini ya 50 mwanzoni mwa 2015, na Januari 2016 ikagusa chini ya 30. Uchorongaji ukapungua sana, meli zikang'oa nanga. Songo Songo, kisiwa cha mkoa jirani wa Lindi ambako gesi iligunduliwa 1974 na kuanza kuzalishwa 2004, iliendelea kutoa gesi muda wote huo, kwa sababu mitambo ya umeme na viwanda vya Dar es Salaam vinaihitaji kila siku. Na mwaka huohuo wa 2015 ndipo bomba la kutoka Mtwara lilipoanza kusafirisha gesi iliyosafishwa Madimba, mkoani humohumo. Mkoa mmoja, mwaka mmoja: upande mmoja watu wanafunga mabegi, upande wa pili wanajifunza mtambo mpya.

Kenya pia imeliona hilo. Kisima cha Ngamia-1 kilipogundua mafuta Turkana mwaka 2012, rigi zikafuatana. Baadaye zikahamishwa, na uzalishaji wa kibiashara ukabaki kusubiri miaka mingi. Fundi aliyetaka kubaki na kazi yake ya rigi ilimbidi aifuate nchi nyingine.

Hiyo ndiyo tabia ya uchorongaji: kazi huisha kisima kikiisha. Na mara nyingi mwajiri wako si mwenye kitalu, yaani kampuni yenye leseni ya kutafuta mafuta au gesi katika eneo hilo. Ni mkandarasi mwenye rigi, au kampuni ya huduma inayoshughulikia saruji, tope la kuchorongea au vipimo vya kisima. Mwenye kitalu akisitisha mpango, mkandarasi huhamisha rigi, nawe unahama nayo au unabaki nyumbani bila zamu. Zamu zenyewe ni saa 12, usiku na mchana, kwa wiki kadhaa mfululizo, halafu unarudi nyumbani kwa wiki kadhaa. Kwa kijana asiye na familia anayetaka kujifunza upesi, sijui shule bora kuliko hiyo. Kisima kimoja kitakufundisha miamba, shinikizo, saruji na mabomba kwa pamoja, tena mbele ya macho yako.

Ukifika kwenye rigi, nenda kwenye matangi ya tope ukamtazame anayeyasimamia. Tope linashuka kisimani kupitia bomba, linapanda likiwa na vipande vya mwamba, linachujwa, linarudi matangini. Macho yake hayabanduki kwenye kina cha tangi. Kina kikipanda bila mtu kuongeza kitu, maana yake kuna kitu kinaingia kisimani kutoka chini, na huenda ni gesi. Hapo hakuna kuitana kwenye kikao. Mchorongaji anasimamisha kazi, anazima pampu na kufunga vali kubwa za usalama zilizo mdomoni mwa kisima, kisha ndipo maswali yanaanza. Kama damu yako huchangamka ukisoma haya, pengine mahali pako ni hapo.

Uzalishaji unadai umakini wa namna nyingine. Kisima kimeshajulikana, na kitu kilekile kinapita kwenye mabomba yaleyale mwezi baada ya mwezi. Unatenganisha gesi, maji na mafuta, unakausha gesi, unasoma shinikizo na joto, unabadilisha vali iliyochoka. Hatari yake ni mazoea. Usiku wa tarehe 6 Julai 1988, kwenye jukwaa la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, pampu moja ilikuwa imetolewa vali yake ya usalama kwa matengenezo na tundu likazibwa kwa kifuniko cha muda. Habari hiyo haikuwafikia watu wa zamu ya usiku. Pampu ya pili ilipozimika, wakawasha ile ya kwanza. Walikufa watu 167. Linganisheni na rigi ya Deepwater Horizon, Ghuba ya Mexico, tarehe 20 Aprili 2010: jaribio la shinikizo lilitafsiriwa vibaya, kisima kikadhaniwa kimezibwa, watu 11 wakafa. Kwenye uzalishaji, daftari la makabidhiano ya zamu lilikuwa uhai wa watu. Kwenye uchorongaji, ni kipimo cha shinikizo. Jiulize kwa ukweli ni umakini upi ulio nao, kwa sababu wenzako watalala wakikutegemea wewe.

Ushauri wangu kwa fundi wa umeme, mitambo au vifaa vya kupimia: anza na uzalishaji. Ujuzi wa pampu, kompresa na vali za kujiendesha unauzika hata kwenye kiwanda cha saruji au mtambo wa umeme, na unaweza kuishi na familia yako. Kwa mhandisi kijana, ningesema pata kwanza miaka michache ya rigi ukiipata, kwa kuwa mhandisi wa uzalishaji aliyeona kisima kikijengwa hukielewa zaidi kinapoanza kusumbua. Kutoka rigi kwenda uzalishaji nimeona wengi wakivuka. Waliovuka kurudi kwenye rigi wakiwa na umri wa miaka 40 ni wachache.

Kwa sasa macho yangu yako Ziwa Albert, Uganda, kwa sababu pale kazi zote mbili zipo. Mradi wa Tilenga peke yake umepangiwa visima zaidi ya 400, Kingfisher 31, na bomba la kilomita 1,443 hadi Chongoleani, Tanga, lazima lipashwe joto njia nzima kwa kuwa mafuta yale yana nta na huganda. Bomba la namna hiyo litahitaji mafundi kwa miaka mingi, upande wa Tanzania pia. Ila visima hivyo vikiisha rigi zitahama, hivyo anayependa rigi ajiandae kisaikolojia kwa Oman, Saudia na Emirati.

Cheti cha udhibiti wa kisima cha IWCF, shirika la kimataifa la fani hiyo, na mafunzo ya kujiokoa baharini ni ghali na vina muda wa kuisha, hivyo usivilipie mfukoni kabla hujapata kazi inayovihitaji. Ukiitwa kwenye usaili, uliza nani anasaini mkataba wako, kama unalipwa ukiwa nyumbani au siku za kazini tu, nani analipa nauli na bima, na mkataba unasemaje kisima kikisimamishwa kabla ya kukamilika. Majibu ya maswali hayo yaandikwe kwenye karatasi kabla hujaacha kazi uliyo nayo.