Jibu: Mkristo naruhusiwa kuingia kaburi la Ajmer nikimpeleka mama matibabu India?

Dada wa Masasi unaruhusiwa kabisa, hamna anayekuuliza dini mlangoni na kiingilio hakuna. Mi niliingia pale mjini Ajmer nikitokea Delhi, treni masaa kama saba, nikakuta Wahindu, Masingasinga na Waislamu wamebanana foleni moja wote wamebeba mawaridi kwenye vikapu, na kwa kweli machozi yalinitoka. Aliyelala pale ni Moinuddin Chishti, shehe aliyefariki 1236, watu wanamwita mfadhili wa maskini.

Viatu unavua, kichwa funika, mtandio wako tu unatosha, kamera na begi kubwa acha hotelini. Wahudumu wa kaburi watakufuata na daftari la sadaka wengine wanang'ang'ania kweli, toa ulichopanga, sema asante uendelee.

Alafu usikose kuona yale masufuria mawili, wee, yale tunayopikia pilau la maulidi huku Mikindani ni vikombe, lile kubwa alilitoa mfalme Akbar karne ya 16 na mtu anapanda ngazi kuchungulia ndani. Wanapika wali mtamu wa samli, sukari na zafarani, nyama hawatii kabisa ili na Wahindu wasiokula nyama wale, hilo jambo nalipenda sana mpaka leo.

Ila kwa vile mama anaumwa msiende Ijumaa wala siku sita za mwanzo wa Rajabu, mwezi wa Kiislamu, ndo hauli yake shehe, yaani kumbukumbu ya kifo chake, msongamano wake mgonjwa hauwezi. Nendeni asubuhi mapema.