Rangi ikae mkiani: kwa unayetaka kununua nyumba chakavu Dar, uikarabati, uiuze

Nyumba yangu ya kwanza niliipaka rangi wiki ya pili tu baada ya kuinunua. Ilikuwa Temeke, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, korido katikati, choo uani. Nilikuwa na haraka ya kuiona imebadilika na, kusema kweli, nilitaka majirani nao waone. Masika yalipoanza rangi ikaumuka kama andazi, kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno, kisha ikabanduka na kuacha unga mweupe wa chumvi. Nikakwangua, nikapaka tena. Ikabanduka tena. Mara ya tatu mzee mmoja fundi uashi alipita, akasimama, akacheka: "Mwanangu, unampaka mgonjwa poda."

Nimeshafanya nyumba nne nyingine tangu hapo, moja ikiwa ya hasara tupu. Kwa hiyo wewe unayeanza, mwenye mtaji wa kuungaunga, fuata zamu. Karatasi zina zamu yake, maji yana zamu yake, na rangi hukaa mkiani. Karibu kila hela niliyopoteza niliipoteza kwa kuruka zamu.

Tuanze na karatasi. Dalali atakuambia nyumba "haina shida". Usimuulize shida, muulize muuzaji ni nani. Nyumba nyingi chakavu mjini zinauzwa kwa sababu mzee amefariki, na anayekutembeza ni kaka mkubwa aliyebaki na funguo. Nyumba yangu ya pili niliuziwa na kaka wa namna hiyo. Nimeshang'oa bati nusu, dada yao aliyeolewa Muscat akapiga simu. Miezi minne paa likakaa wazi huku ndugu wakivutana, mvua ikanyesha ndani. Siku hizi sitoi hata advansi kabla sijaona barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, na naomba kukaa na warithi wote, walio mbali wawepo kwa simu. Muuzaji akiwa na mke au mume, mwenza naye atie sahihi: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mmoja auze nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake.

Kama kuna hati, lipia upekuzi kwa msajili wa hati uone jina lililomo na kama benki imeishika. Kama ni leseni ya makazi, angalia tarehe, maana ina ukomo. Mkataba uliogongwa muhuri mtaani unaonyesha kwamba mliuziana. Hauonyeshi kwamba aliyekuuzia ndiye mwenye mali. Uliza na habari za barabara. Waliokuwa Kimara mwaka 2017, nyumba zilipobomolewa kupisha Barabara ya Morogoro, hawahitaji kuelezwa maana ya X nyekundu ukutani, alama ya nyumba itakayobomolewa, na wapo wauzaji wanaoipaka chokaa juu. Halafu kuna madeni. Bili ya maji na pango la ardhi omba risiti, ila kwa LUKU, umeme wa kulipia kabla, nina kajanja kangu: nunua umeme wa elfu tano mbele ya muuzaji. Kodi ya jengo siku hizi inakatwa humohumo, kwa hiyo kama kuna limbikizo utaliona kwenye uniti zilizotoka.

Wapangaji je? Wameshalipa miezi sita, wewe huna pa kuingizia saruji. Andikeni kwenye mkataba kwamba nyumba inakabidhiwa tupu, na kiasi fulani cha pesa kibaki mpaka mpangaji wa mwisho atoe kitanda.

Sasa maji, ambayo ndiyo maradhi ya nyumba za pwani. Nenda kuangalia nyumba mvua ikinyesha. Dalali atakataa, atasema njoo Jumapili jua likiwaka. Wewe vaa buti uende hivyohivyo. Utaona kama uani panageuka bwawa, kama maji ya mtaa mzima yanakimbilia mlangoni pako. Sogeza kabati, tazama nyuma yake kama ukuta una mstari wa maji ya mafuriko. Kukiwa na jua, ingia darini saa sita mchana, taa zimezimwa: kila kitundu cha mwanga ni kitundu cha mvua. Ukiwa humo chokonoa kenchi, zile mbao zinazobeba paa, kwa bisibisi. Ikizama kama kwenye mkate, mchwa wamekutangulia.

Ile chumvi ya Temeke inatoka wapi? Maji yanapanda kutoka ardhini kwa sababu msingi haukuwekewa karatasi ya nailoni, na mara nyingi mchanga uliotumika ulikuwa na chumvi yake tangu mwanzo. Dawa inachosha lakini ipo. Bandua plasta yote kuanzia chini hadi kama mita moja, acha ukuta upumue wiki kadhaa, piga plasta mpya kwa mchanga safi na dawa ya kuzuia maji, kisha ungoje tena ikauke kabisa. Nje, shusha ardhi iliyopanda juu ya msingi na uweke mfereji. Ndiyo maana napenda kununua wakati wa masika na kukarabati kiangazi: ubovu unauona mapema, na kukausha unakausha kwa jua la bure.

Bafuni usiweke tailizi kabla ya kujaribu. Ziba kitundu cha kutolea maji, jaza sakafu, yalale usiku kucha. Asubuhi yakiwa yamepungua, umeokoa laki kadhaa. Bomba la maji taka la inchi 4 lilalie mteremko wa sentimita 2 au zaidi kidogo kwa kila mita. Likilala sawa litaziba, na litaziba siku mteja amekuja. Karo, yaani shimo la maji taka, lifunue mwenyewe. Likiwa limejaa hadi shingoni wakati nyumba haina watu, ardhi ya hapo hainywi maji, na hilo halirekebishiki kwa kulinyonya.

Kuna kitu kingine kinachowapata wageni wa kazi hii: nyumba ya miti na udongo iliyovishwa plasta ya saruji. Kwa macho huwezi kuitambua. Omba ruhusa utoboe kitundu kidogo ukutani, kipite plasta. Vumbi la kijivu ni tofali la saruji. Vumbi jekundu, umenunua kiwanja, kwa hiyo lipa bei ya kiwanja.

Nyufa usiziogope zote. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta ni wa kawaida. Ule unaopanda kama ngazi ukifuata maungio ya tofali ni msingi umekaa vibaya. Pakaa plasta kidogo juu yake, andika tarehe, rudi baada ya mwezi: ikipasuka, nyumba bado inatembea. Na ukitaka kuunganisha vyumba viwili upate sebule, usimwachie kijana nyundo. Kwanza mirunda ya kushikilia paa, kisha lenta, boriti ya kubeba ukuta wa juu, ndipo tofali zitoke.

Umeme nitausema kwa ufupi: nyaya za zamani toa zote. Milimita 1.5 za taa, 2.5 za soketi, waya wa ardhini uwepo kweli, na fundi awe na leseni.

Mafundi wenyewe ni somo la mwaka mzima. Makosa yangu makubwa yalikuwa mawili, kulipa kwa siku na kumtuma fundi dukani. Ukilipa kwa siku, kazi ya siku tatu inakuwa ya wiki. Patana kwa kazi: plasta na tailizi kwa mita ya mraba, umeme kwa pointi. Vifaa nunua mwenyewe, kwa sababu hadiwea nyingi humwekea fundi chake pembeni kwenye bei, na wewe ndiye unayekilipa bila kujua. Hesabu mifuko ya saruji asubuhi na jioni. Bati uliza geji kabla ya rangi. Geji 28 ni nene kuliko 30, ingawa namba ni ndogo. Bakisha sehemu ya malipo hadi mvua moja inyeshe au maji yapite kwenye mabomba wiki nzima. Lakini hela ya kula wape bila kununa, na siku ya malipo ikifika lipa. Fundi aliyelipwa vizuri hukuonya kabla hujakosea. Aliyedhulumiwa hukaa kimya.

Hesabu zangu za nyumba ya Tabata ndizo hizi, na sijivunii. Nilinunua kwa milioni 45. Ukarabati niliukadiria milioni 15, ukala 19 na laki sita. Mwanasheria, ushuru wa stempu na nyaraka, milioni moja na nusu. Mlinzi na bili kwa miezi minane, milioni moja na laki sita. Nikauza milioni 75, dalali akachukua asilimia 5. Piga mwenyewe: ilibaki milioni tatu na nusu na kidogo, kabla ya kodi. Mkazi anatozwa asilimia 10 ya faida anapouza jengo au ardhi, ila asiye na kumbukumbu za gharama hutozwa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Asilimia 3 ya milioni 75 ni milioni mbili na robo. Kwa hiyo risiti, hata ya misumari, itunze kama cheti cha kuzaliwa. Na mtu akiniambia anaingia humu kwa mkopo wa kausha damu, namwomba auze vitumbua kwanza, maana miezi minane ya riba ile hakuna nyumba inayoiweza.

Baadhi ya vitu havikarabatiki kwa pesa yoyote. Nyumba isiyofikika kwa gari, iliyopakana na baa, iliyo bondeni, hata uivishe dhahabu bei itagoma. Nenda usiku usikilize.

Nyumba yangu ya mwisho niliiwekea dari la jipsamu lenye taa za kujificha. Nililipenda kuliko mnunuzi yeyote angeweza kulipenda. Walikuja mtu na mkewe. Mume akatazama dari, akasifu. Mama hakuinua hata shingo. Alikwenda jikoni, akafungua bomba, akangoja, akauliza maji yanatoka siku ngapi kwa wiki. Akapitisha kiganja chini ya ukuta wa chumba cha watoto, akakinusa. Akatoka uani, akaniomba nimfunulie karo. Alipomaliza kuchungulia ndipo akamgeukia mumewe: "Haya, baba, muulize bei."