Feni ya gari ikigoma, usikimbilie kujaza gesi

Dada mmoja wa Njiro ameniandikia juzi. Feni ya gari lake, ile inayosukuma hewa ndani, inapuliza ukiweka swichi namba nne tu. Moja mpaka tatu, kimya. Fundi kamwambia gesi imeisha, aandae hela. Nilicheka, halafu hasira zikanipanda, maana maneno hayo hayo niliambiwa mimi na fundi mwingine, na hela ikanitoka.

Ilikuwa Julai, na mnaijua Julai ya Arusha. Tunakwenda Moshi alfajiri kwenye kipaimara cha mtoto wa dada yangu, tumejaa ndani, wote tunapumua. Kabla hatujafika Tengeru kioo cha mbele kimeshapata ukungu. Nageuza swichi ya feni, hamna kitu. Mke wangu akawa anafuta kioo kwa ncha ya kanga, mimi naendesha nimeinama kuchungulia katundu kalikobaki wazi, na malori ya mizigo yanakuja na taa zao kali. Nilifungua vioo tukaganda kwa baridi hadi Usa River. Sitaki kukumbuka zaidi.

Niliporudi nikapeleka gari gereji. Fundi hakufungua chochote. "Bosi, hiyo AC haina gesi." Akajaza, nikalipa, feni kimya vilevile. Ndipo akasema sasa inabidi ninunue mtambo mzima wa mtumba, na dashibodi yote ishuke. Nilipomuuliza kama amepima umeme kwenye mota inayozungusha feni, alicheka na vijana wake. Kicheko kile bado ninacho.

Sikilizeni, ndugu zangu. Gesi ni ya kupoza hewa, feni ni ya kuisukuma. Hewa isipotoka kabisa, hata ujaze mtungi mzima, huo ubaridi utaletwa na nani usoni kwako?

Nyumbani nikaanza na fyuzi. Kwenye kifuniko cha fyuzi magari mengi ya Japani yameandikwa HEATER au HTR. Yangu ilikuwa nzima. Nikashusha droo ya dashibodi upande wa abiria, nikajipenyeza chini na tochi mdomoni, na mota nikaiona imekaa pale kama bakuli lililogeuzwa. Nikachomoa plagi yake, ufunguo ukiwa umewashwa na swichi iko namba ya juu, nikaweka testa, kile kipima umeme: volti 12 zimejaa. Yaani umeme unafika, mota ndiyo haitaki kazi. Nikarudisha plagi, nikaigonga kwa mpini wa bisibisi. Ikakohoa, ikazunguka kidogo, ikasimama.

Hizo ni kaboni zimekwisha. Mota ikigongwa ikaamka, mara nyingi ni kaboni, vile vipande viwili vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka. Niliitoa kwa skrubu tatu. Ndani kulikuwa na vumbi jeusi la kaboni, na juu ya pangaboi kumejazana majani na maua makavu ya jakaranda, yale yanayodondokea matundu ya hewa chini ya kioo cha mbele ukipaki gari mtini. Nikaenda na mota mkononi kwenye maduka ya spea, nikachagua ya mtumba yenye plagi ileile na inayozunguka upande uleule, nikamwambia muuzaji aiunge kwenye betri niione inavyozunguka kabla sijatoa hata shilingi. Kuifunga hakukunichosha. Nilipowasha, taka zote zilizobaki kwenye njia ya hewa zilinirukia usoni, na nilifurahi kama nimeoshwa na maji ya baraka.

Sasa niwaambie ukweli, vijana wenzangu. Tunabandika stika, tunafunga muziki unaosikika mpaka Kilombero, lakini kifuniko cha fyuzi hatujawahi kukigusa. Halafu tunalalamika mafundi wezi. Mwenye gari asiyeuliza maswali ni riziki ya mtu. Nilishalisema hili na nitalisema tena: pima kwanza, nunua baadaye. Na fyuzi ikiungua usiweke kubwa zaidi wala kipande cha waya. Fyuzi imewekwa ife yenyewe ili nyaya zipone, na ukiizuia kufa utakuja kunusa plastiki inayoungua.

Kwako dada wa Njiro, ugonjwa wako ni tofauti na wangu. Kwenye magari ya swichi ya kawaida, namba za chini umeme unapitia rizista ya kupunguza nguvu, na namba ya mwisho unaikwepa rizista na kwenda moja kwa moja kwenye mota. Kwa hiyo ikibaki namba ya juu peke yake, karibu kila mara rizista imeungua. Iko jirani na mota, imechomekwa ndani ya njia ya hewa ili feni iipooze, na mara nyingi imeshikwa na skrubu mbili. Chomoa kwanza waya hasi wa betri. Angalia plagi yake: kama plastiki imeyeyuka au imekuwa ya kahawia, badilisha na plagi pia. Kisha zungusha pangaboi kwa kidole. Likiwa zito au linakwaruza, mota inavuta umeme mwingi kupita kiasi, na rizista mpya itaungua kama ya zamani. Kama gari lako ni la AC ya kujiendesha yenyewe, ile ya vitufe, basi badala ya rizista utakuta kifaa cha elektroniki mahali palepale, na hicho mpelekee fundi umeme wa magari, si wa gesi.

Na huyo fundi wako akitaja gesi tena, mwombe testa uishike mwenyewe.