Maswali ya Wasomaji: Kuvuna Sufu ya Mbuzi wa Kashmiri

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasomea ufugaji hapa Morogoro, na darasani tumegusia mbuzi wa Mongolia wanaotoa kashmiri. Mwenzangu anadai kwamba wafugaji wa huko hupoteza muda kwa kumchana mbuzi mmoja mmoja, ilhali mashine ya kunyolea ingemaliza kazi kwa dakika chache. Je, ni njia ipi inayotoa sufu bora na nyingi zaidi?

JIBU: Kuhusu muda, mwenzako anasema kweli, ila amesahau kinachobaki baada ya kupima mzigo. Mbuzi hao wana matabaka mawili ya manyoya: nywele ndefu na ngumu za nje, na sufu laini ya ndani, ambayo ndiyo kashmiri yenyewe. Mashine hukata yote mawili, na sehemu kubwa ya mzigo huo ni nywele ambazo kiwanda kitalazimika kuzitenganisha na sufu. Chanuo hung'oa zaidi ile sufu iliyokwisha kuachia ngozi na kuziacha nywele nyingi mwilini. Isitoshe, katika nyanda za Mongolia theluji huweza kurudi hata mwezi wa Mei, na mbuzi aliyenyolewa mpaka karibu na ngozi huweza kufa kwa baridi. Nchini Australia, ambako vibarua ni ghali, kunyoa ni jambo la kawaida. Kwa mfugaji wa Mongolia, mimi ningeshika chanuo.

Hata hivyo, kinachoamua mavuno zaidi ya kifaa ni siku ya kuvuna. Sufu huota tangu siku zinapoanza kufupika, mwezi wa Juni, hadi Desemba hivi, kisha huachia majira ya kuchipua, kwa kawaida ikianzia shingoni na mabegani na kuelekea nyuma. Anayechana mapema huumiza ngozi na kukata nyuzi, na anayechelewa hukuta sufu imejisokota au imebaki vichakani. Kwa kuwa mbuzi wa kundi moja hawaachii siku moja, ni vyema kila mmoja apimwe kwa kuvuta kishungi kidogo kwa vidole: kikitoka bila mbuzi kushtuka, yuko tayari, na anaweza kurudiwa baada ya wiki mbili hivi ili kuchukua kilichosalia. Majike wenye mimba kubwa wasisumbuliwe mpaka wazae.

Hasara nyingine hutokea baada ya kuchana, na hiyo hukera zaidi kwa sababu kuizuia hakuna gharama. Mbuzi achanwe akiwa mkavu, juu ya turubai safi. Weupe watangulie wenye rangi, kwani nyuzi chache nyeusi hushusha thamani ya sufu nyeupe. Mifuko ya plastiki iliyofumwa, ile ya unga na mbolea, isitumike kabisa, maana nyuzi zake huchanganyika na sufu na kuonekana tena kitambaa kikishatiwa rangi. Sufu ya mbuzi wachanga, ambayo huwa nyembamba zaidi, itengwe na ya wazee: sheria ya Marekani hairuhusu kitu kuitwa kashmiri ikiwa wastani wa unene wa nyuzi zake unazidi mikroni 19 (mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita).

Kuhusu chakula, wengi hudhani kwamba kumlisha sana mbuzi mzima kutaongeza sufu. Ongezeko huwa dogo, na nyuzi huweza kunenepa. Lishe ya jike katika miezi ya mwisho ya mimba ina maana zaidi, kwa kuwa vinyweleo vinavyotoa sufu hujengeka mtoto akiwa tumboni na katika miezi yake ya kwanza.

SWALI: Mbuzi wangu wa maziwa, hapa Nyeri, wana manyoya laini chini ya nywele. Je, naweza kuyauza kama kashmiri?

JIBU: Hapana. Mbuzi wengi wana sufu kidogo ya namna hiyo, lakini kinachoiamuru iote na kuachia kwa msimu ni mabadiliko ya urefu wa mchana, na karibu na ikweta, ulipo wewe, mchana haubadiliki kwa kiasi cha kutosha. Utakachopata ni kifupi na kichache mno kwa kiwanda. Iwapo unataka nyuzi, ulizia mbuzi wa Angora, ambao manyoya yao, yaitwayo mohea, hunyolewa mara mbili kwa mwaka. Lakini fahamu mapema kwamba maziwa yao ni machache, na kwamba baada ya kunyolewa huhitaji banda lisilopitisha mvua wala upepo, jambo ambalo baridi ya Nyeri haitakuruhusu kulipuuza.