Vishikwambi Sita Juu ya Meza ya Nahodha

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu kutoka Ujiji. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mmoja wa wale waliogawiwa vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022. Likizo iliyopita niliangalia na wanangu tamthilia ya Marekani ya safari za anga za juu iitwayo Star Trek: The Next Generation, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1987, tukashangaa kuona watu wameshika vifaa vinavyofanana na changu. Lakini juu ya meza ya nahodha hurundikwa vitano au sita, kana kwamba kila kimoja kina taarifa moja tu, ilhali changu kimebeba maazimio ya kazi, maandalio ya masomo na vitabu vyote. Waliowaza chombo kinachoishinda kasi ya mwanga walishindwaje na jambo dogo kama hili? Mwanangu naye anauliza mbona hakuna anayechaji.
Mwalimu, Kigoma

JIBU: Mwalimu, kasoro hiyo ipo kweli, na imetokana na namna watu wa wakati ule walivyohifadhi kazi zao. Mwaka 1987 taarifa ilikaa ndani ya kitu, yaani diski ya plastiki yenye nafasi isiyofika megabaiti 2, ambayo mtu aliichomoa kwenye kompyuta moja akaipeleka kwa mkono kwenye nyingine. Pendekezo la Tim Berners-Lee lililozaa wavuti lilikuja miaka miwili baadaye. Waandishi walilichukua jalada la ofisini wakalitia kioo chenye mwanga, lakini tarishi wakambakiza. Hata katika Star Trek ya awali, ya mwaka 1966, msaidizi humletea nahodha kibao cha kielektroniki akitie saini kwa kalamu, sawasawa na mkuu wa idara aletewavyo dokezo.

Ipo pia sababu ya kisanaa, ambayo kwangu ina uzito zaidi. Taarifa ikitumwa kimyakimya, mtazamaji haoni kitu. Ofisa akiingia na kifaa mkononi, akakikabidhi na kungoja kisomwe, mwigizaji amekwisha kupata sababu ya kuwamo chumbani na mazungumzo yameanza. Rundo lile mezani linatuonyesha, bila neno hata moja, kwamba nahodha amezidiwa na kazi, wakati kishikwambi chenye mafaili mia tano hakina tofauti machoni na kilicho kitupu.

Kwa vioo vya kugusa, tusiwasifu kupita kiasi. Michael Okuda, msanii aliyebuni michoro ya paneli za kuendeshea chombo katika tamthilia hiyo, alizifanya bapa kwa sababu fedha zilikuwa chache: plastiki iliyochorwa na kumulikwa kwa nyuma iligharimu kidogo kuliko safu za swichi na balbu. Ubanaji huo wa matumizi ndio uliowapa, iPad ilipotoka mwaka 2010, jina la watabiri.

Mwanao ameona lililowapita waandishi wenyewe. Mkoa wenu uliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli kabla ya kufikiwa na gridi ya taifa, kwa hiyo kwenu chaja si kitu cha kusahaulika. Katika tamthilia nishati huisha pale kisa kinapohitaji iishe, na hapo huishia chombo kizima pamoja na wote waliomo. Simu iliyobakiwa na asilimia 3 saa mbili usiku ni kero ambayo mtazamaji wa mwaka 1987 alikuwa bado hajaionja.